Semvua na Matanga ya Mtu Hai

Kabla bati halijang'aa juu ya nyumba hata moja hapa Kwasemvua, kabla ya mashine ya kusaga na malori ya tangawizi, kabla wageni hawajaja na kamba zao za kupimia viwanja, zamani zile milima ilipokuwa na wenyewe na bonde halina hata mwenye kulipitia, alizaliwa Semvua wa Nakijwa, binti Mlemba, wa ukoo wa yule babu aliyevuka mto mkavu akiwa amebeba moto ndani ya chungu. Huo ni upande wa mama. Upande wa baba niulizeni kwa sauti ya chini. Wako wasemao baba alikuwa mhunzi mpita njia, na wako wasemao ilikuwa ngurumo. Nakijwa mwenyewe alipobanwa na wazee alijibu, "Ilikuwa mvua kubwa, nami nilikuwa ndani," na zaidi ya hapo hakusema mpaka anaingia kaburini. Mwenye akili aliona kwamba hata mvua ikiwa kubwa namna gani, haifungi mlango kwa ndani.

Basi mtoto akaitwa Semvua, akakua, akawa Semvua Bega la Nyati, Semvua Mpasua Miamba, aliyekuwa akiwasha moto juu ya jabali mpaka jabali likawa jekundu kama jicho la mlevi, kisha akalimwagia maji baridi mara moja, nalo likalia na kupasuka kama ganda la yai. Hakuwa mtu wa maneno. Na mtu asiye na maneno, ninyi mnajua, watu humtilia yao.

Siku hizo watu wetu waliishi juu mlimani, wamebanana kama maharage ndani ya ganda, katika nchi ya Kivuma. Kivuma ndiye aliyekuwa na chemchemi. Alikuwa ameizungushia ukingo wa mawe na udongo ikawa bwawa, na yeyote aliyetaka mtungi wa maji alipaswa kwanza kulima shamba la magimbi la Kivuma tangu jua linachomoza hadi kivuli kinajikunja chini ya miguu. Wanawake walizaa wamechoka, watoto walizaliwa wamechoka. Semvua aliangalia jambo hilo kwa miaka, kisha siku moja akasimama uwanjani akaelekeza mkono bondeni, kwenye udongo mwekundu ambao haukuwa na mtu, akasema, "Kule chini jembe litaimba. Anayechoka kulima cha mwenzake anifuate."

Kaya chache zikamfuata. Kivuma alisimama juu ya ukingo wake akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Nendeni mkalime vumbi," akawaambia. "Maji yangu hayajui kuteremka."

Na kweli, mwaka wa kwanza walilima vumbi. Ndipo Semvua akaanza kuchimba mfereji. Alianzia bondeni akapanda nao kuuzunguka mlima, chini ya majani ya gugu na mizizi ya miti, mahali ambapo hata mbuzi hupita kwa kujuta, akipasua mwamba hapa, akiukwepa pale, na kila jioni alirudi amejaa udongo mpaka kwenye nyusi bila kusema anakwenda wapi. Watu wa bondeni wakaanza kutazamana. Mfereji upo, maji hayapo. Namkunda, mwanamke aliyeongoza vilio vyote na vigelegele vyote, ambaye habari ilipolala kwake ilikuwa imelala kwa watu wote, aliweka mtungi chini akawauliza wenzake:

"Shoga zangu, mmewahi kuona kaburi refu namna ile? Anamchimbia nani?"

Wakacheka. Lakini cheko lile lilikuwa na mbegu ndani.

Sasa nawaambia ninyi jambo ambalo wao hawakulijua, maana msipolijua mtamhukumu Semvua kama walivyomhukumu. Semvua alikuwa na umbu lake, yaani dada yake, Nangasu, mwanamke mwenye vidole sita katika mkono wa kushoto, mwepesi wa miguu, mzito wa siri. Nakijwa aliwazaa hao wawili tu. Mfereji ulipokaribia bwawa la Kivuma, Semvua na umbu lake walikaa chini wakapatana. Nangasu alizunguka kwa njia ya upande wa pili wa mlima, kapu kichwani, akafika kwa Kivuma akajiita Nachuma, mjane asiye na ndugu, akaomba kazi. Akapewa kazi ya kukandika ukingo wa bwawa, maana udongo wa ukingo huliwa na maji na lazima ukandikwe kila asubuhi, na hata hivyo kila masika ulikuwa ukipasuka. Akakandika vizuri kuliko wote, mkono wa kushoto daima umezama udongoni, naye Kivuma hakuwahi kutazama sura za wanaomlimia. Na pale alipokandika vizuri zaidi, chini ya majani ya magimbi, akaacha tundu la ukubwa wa ngumi, likamimina maji kimyakimya ndani ya mfereji wa kaka yake.

Kivuma aliona bwawa limepungua kidogo, akashuku. Alishuku nini? Alishuku kaa wa mtoni, ambao ni kweli hutoboa kingo. Akaweka watu wazima wenye ndevu kuwinda kaa tangu kiangazi hadi vuli. Walikula kaa mpaka wakawachoka.

Lakini mapatano ya ndugu wale yalikuwa na sharti moja zito: asijue mtu. Kivuma akijua, Nangasu angefukiwa akiwa hai ndani ya ukingo uleule aliokuwa akiukandika, na maji yangekoma. Na Semvua aliwajua watu wake. Alijua kwamba bondeni ndimi ni ndefu kuliko mfereji. Akafunga kinywa.

Maji yakafika. Yalikuja asubuhi yakisukuma mbele yake majani makavu na vibonge vya udongo, na watu walipiga magoti wakayagusa kama mtu anavyogusa shavu la mtoto mchanga. Wakajenga ndiva, yaani bwawa la kukingia maji, yajikusanye usiku na kufunguliwa asubuhi kwa kung'oa kizibo cha gogo, kila shamba kwa zamu yake. Mahindi yakasimama. Ndizi zikanenepa. Kaya za mlimani zikaanza kuteremka moja moja, na kijiji kikawa kijiji.

Na kilipokuwa kijiji kikaanza kuuliza. Nangasu yuko wapi? Aliacha kuonekana, na mara maji yakaja. Na mlima, kama kila mtu anavyojua, hautoi kitu bure.

"Haya maji mnayaona matamu?" Namkunda aliuliza kwenye ndiva, akiyaonja kwa ncha ya ulimi. "Mimi nayaona yana utamu wa mtu."

"Namkunda, acha hayo!"

"Niache nini? Nimesema matamu tu. Wewe ndiye uliyetetemeka."

Basi wakawapo walioapa kwamba maji ya Semvua hawatayatia kinywani. Waliapa mchana mbele za watu, na jioni walikuja kuteka wamefunika mitungi kwa majani ya mgomba. Wanakijiji wetu ni hodari wa kushuku, lakini kiu nayo ni hodari.

Mzee Mbonea, mkubwa wa umri bondeni, mtu wa haki lakini mwenye masikio yaliyo wazi mno, alimwita Semvua mbele ya watu wote akamwuliza bila kuzunguka, "Mwanangu, umempeleka wapi dada yako?"

Semvua akajibu, "Dada yangu yuko aliko."

"Hata wafu wako waliko," akasema Mbonea.

Semvua Mpasua Miamba, aliyeweza kumnyanyua Mbonea kwa mkono mmoja na kumweka juu ya paa, aliinamisha kichwa akaondoka. Tangu siku ile hakuna aliyekula naye chungu kimoja. Alikuwa akipita na jembe begani, akina mama wanavuta watoto ndani. Alizibua mfereji wao peke yake, akafungua ndiva yao peke yake, akala viazi vyake peke yake, naye hakusema neno.

Ikawa mwaka mmoja homa ikaingia, mtoto wa Namkunda akalala hajijui, na mbuzi wawili wakatupa mimba. Namkunda akasimama katikati ya kijiji akatoa hukumu: "Roho isiyoliliwa haitulii. Nangasu anataka matanga yake. Tumlilie, tule, tunyoe, atuache." Wakakubali wote. Wakanyoa vichwa, wakakaa mchangani, wakapika mahindi na kunde kwa vyungu vikubwa, na kilio kikaanza. Nami, niliye wa uzao wa Namkunda huyohuyo, naweza kuwaimbia wimbo wake hata leo:

*Nangasu wa vidole sita,*
*vitano vya kulimia,*
*cha sita tulikiona cha nini?*
*Cha kutuaga tusikione.*

Semvua akatoka mferejini mbio, matope mpaka magotini, akaanguka katikati yao. "Msilie," akasema. "Nawaomba, jamani. Dawa ya mtoto nitaitafuta. Nitawapa shamba langu, nipigeni mkitaka, lakini msilie." Hakuweza kusema kwa nini. Kila neno lililokuja kinywani mwake lilikuwa na uhai wa umbu lake ndani, akalimeza.

Mbonea akatikisa kichwa. "Asiyetaka kilio ndiye mwenye maiti."

Na wakalia zaidi. Walilia vizuri, kusema kweli. Wanaojua wanasema hapajawahi kuwa na matanga matamu kama yale, kilio cha juu na kunde za kutosha.

Sasa katika matanga mtu hafukuzwi. Alikuwepo mwuza vyungu, mtu wa mlimani, aliyekuwa akipita na mzigo wake. Akaketi, akala akashiba, wimbo ukamkaa. Alipopanda nyumbani aliuimba njia nzima, na alipofika uwanjani kwa Kivuma akauimba tena, kama kichekesho: watu wa vumbi wanamlilia mwanamke wa vidole sita, dada wa Semvua.

Kivuma alikuwa akitafuna. Akaacha kutafuna.

Nangasu alikuwa ukingoni, mikono ndani ya udongo, akausikia wimbo wa matanga yake mwenyewe ukiimbwa na mtu aliyeshiba. Hakuinuka kwa haraka. Alimaliza kulainisha pale alipokuwa analainisha, ndipo alipomsikia Kivuma akiita, "Nachuma! Njoo unionyeshe mkono wako wa kushoto." Akajitosa ndani ya majani ya magimbi, akaingia kwenye mfereji, njia ambayo hakuna mwingine aliyeijua, akakimbia ndani ya maji akiteremka nayo, mlima ukizunguka pamoja naye, mpaka bondeni.

Wakati huo Namkunda alikuwa amefika ubeti ule mzito kuliko zote. Alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua akamwona marehemu amesimama mbele ya chungu cha kunde, matope kuanzia kidole cha mguu hadi nywele, akihema.

Jamani, kulikuwa na mkimbio! Kuna mwanamume aliyepanda mgomba, na mgomba haupandiki. Wenye magoti mabovu ndio waliobaki, Mbonea akiwa mmoja wao. Nangasu hakumfukuza mtu. Aliketi mchangani, akanyoosha mguu wake, akasema kwa sauti iliyomfikia kila aliyejificha:

"Guseni mguu wangu. Maiti mguu wake ni wa baridi."

Hakuna aliyesogea. Mwishowe Namkunda, kwa kuwa udaku ulikuwa mkubwa kuliko hofu, akatambaa akagusa wayo kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja chote. Akaanza kulia, safari hii bila wimbo. "Ni wa moto," akasema. "Mama yangu! Ni wa moto."

Nangasu akawaeleza yote, tundu, udongo, kaa na jina la Nachuma. Na kila neno lilipodondoka walimgeukia Semvua, aliyekuwa amesimama pembeni na jembe lake, nao hawakuwa na pa kuweka macho. Nangasu alipomaliza aliongeza neno moja tu: "Na sasa anakuja. Mmemwita wenyewe."

Kivuma akaja na mikuki. Akasimama juu ya ukingo wa ndiva yetu, akachota maji kwa kiganja, akayanusa, akasema, "Haya ni yangu. Nanusa hata magimbi yangu ndani yake. Nipeni mwanamke yule, na mfereji huu naufukia leo."

Hapo ndipo Semvua alipofumbua kinywa, na wanaosimulia husimama wanapofika hapa. Alisema: "Kivuma, mwenye chemchemi, mwana wa wenye chemchemi, nakuuliza mbele ya mikuki yako. Kila masika ukingo wako ulikuwa ukipasuka na kufagia mashamba yako, ukazika watu wa nyumba yako. Tangu tundu lile lilipotobolewa, maji ya ziada yakapata pa kutokea, umepasuka mara ngapi?"

Kivuma akawageukia wenye mikuki. Watu wake wakatazamana, maana haukuwa umepasuka hata mara moja. Walikuwa wakisifu mizimu kwa hilo.

"Fukia mfereji," Semvua akaendelea, "na masika ijayo uhesabu watoto wako. Uache, na sote tutalima."

Kivuma alikuwa mkali, hakuwa mjinga. Lakini mtu aliyeibiwa mbele ya watu wake lazima arudi na kitu mkononi. Akafikiri, akatoa neno lake: "Tundu libaki. Mwanamke abaki. Lakini mwizi wangu atakuwa mlinzi wangu. Semvua atapanda nami leo, atakandika ukingo mpaka mwisho wa uhai wake. Na nikisikia, hata kwa uvumi, kwamba wayo wake umekanyaga bonde hili, tundu naliziba kwa jiwe, wafe wa juu, wafe wa chini."

Nangasu akalia, "Kaka, usiende!" Semvua akamshika mkono ule wa vidole sita, akauminya, akauachia. Kisha akawageukia watu wa bondeni, wale wale waliomnyima chungu kwa miaka, na wote walidhani sasa atawalaani. Akasema:

"Mlinishuku. Kushuku si kosa, asiyeshuku huibiwa. Kosa lenu ni kushuku kwa mdomo. Kuanzia leo kizibo cha ndiva kisishikwe na mtu mmoja. Mtu akimshuku mwenzake, na wakishike wawili hao pamoja, wakiangaliana. Na msimlilie mtu tena mpaka aliyezaliwa naye, au mtu wa damu yake, aguse wayo wake na kuukuta wa baridi."

Akaweka jembe lake chini, kichwani mwa mfereji, kwenye shamba lake, akapanda mlima. Hakugeuka. Mabega yale yakaonekana, yakaonekana, kisha yakawa mlima.

Tangu hapo kijiji hiki kimekua kama mnavyokiona. Mwenyekiti na mpinzani wake hung'oa kizibo pamoja kila asubuhi ya zamu yao, wamenuna kama paka wawili kwenye kapu moja, na maji hayajawahi kupunjwa. Wake wenza hushika pamoja. Mtu na jirani waliogombania mpaka hushika pamoja, na wengine, nawajua kwa majina, wameoana hapohapo kwenye kizibo. Mgeni akija kununua kiwanja anashangaa: mbona hapa watu hawapendani na kazi inakwenda?

Lakini liko jambo moja lililobaki, nalo hatukulisema kwa vizazi, mpaka ukoo wa Kivuma ulipokwisha kuoana na wetu tukawa hatujui tena nani wa juu nani wa chini. Sasa nalisema.

Miaka mingi baada ya Semvua kupanda, Mbonea amekwisha kufa, Nangasu kichwa kimekuwa cheupe chote, alikuja mzee mmoja adhuhuri, wakati watu wanapura maharage. Alipita kandokando ya mfereji, akiufuata kwa macho kama mtu anavyomfuata ng'ombe wake. Akaomba maji ya kunywa. Alikuwa amepinda, lakini yale mabega, hata yakiwa yamepinda, yalimzibia jua aliyekaa nyuma yake.

Namkunda ndiye aliyemwona wa kwanza. Namkunda! Alifumbua kinywa, na kila aliyekuwepo akashika roho, maana mlimani Kivuma alikuwa bado hai na masikio yake hai. Akakifumba. Akakiziba kwa viganja vyote viwili, akakaa chini hivyo hivyo kama mtu anayeumwa jino.

Nangasu akaleta beseni la maji, kama tunavyomfanyia mgeni aliyetembea mbali. Akapiga magoti, akamwosha mguu mmoja, akauosha mwingine, taratibu, mkono wake wa vidole sita ukiwa umeushika wayo ule kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuosha mguu. Hakumtazama usoni. Alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba anaongea na beseni:

"Wa moto."

"Wa moto bado," akajibu mgeni.

Akapewa mahindi yaliyovunwa katika lile shamba la kichwani mwa mfereji. Akala. Aliwatazama wanawake wawili wasiosemezana wakirudisha kizibo kwa hasira, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasimama, akashukuru kwa chakula, akaondoka kuelekea juu kabla kivuli hakijageuka.

Hakuna aliyeuliza jina. Hapa kwetu, ambapo kuku akitaga upande wa juu habari hufika upande wa chini yai likiwa bado na joto, watu walirudi kupura maharage. Kivuma alikufa hajasikia uvumi. Maji hayakukatika hata siku moja.

Hakuna aliyetuletea habari ya kifo cha Semvua, na hakuna wa damu yake aliyegusa wayo wake akaukuta wa baridi. Kwa hiyo hatujamlilia. Shamba lake lile, kichwani mwa mfereji, ndilo linalopata maji ya kwanza, tunalilima wote, na mavuno yake ni ya mgeni aliyefika karibuni. Wenye kamba za kupimia wakiuliza ni la nani, tunawaambia ni la Semvua, ametoka kidogo. Wanatushuku kwamba tumerukwa na akili. Na washuku.

Nasi akipita mzee asiyejulikana, amepinda, anaomba maji, hatumwulizi kitu. Tunamletea beseni, tunapiga magoti, na tunamshika mguu.